UZI: Siki, mabirimbi, majimoto na sabuni ya nazi, ukoo mmoja wa asidi za kaboksili

Maalim_Konde (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Uzi huu nimeuahidi kitambo. Kila mwaka nasomesha asidi za kaboksili, na kila mwaka vijana wanaandika R–COOH ubaoni bila ya kosa. Wakenda sokoni Chake wanapita mbele ya ndimu, ukwaju, siki, samli na miche ya sabuni na hawatambui kuwa mada ya asubuhi imepangwa pale juu ya meza. Kwa maoni yangu, katika kemia yote ya skuli hii ndiyo mada ambayo Mzanzibari haihitajii maabara. Jiko linatosha.

Tuanze na umbo. Chukua atomu moja ya kaboni. Kaboni ina nafasi nne za kushikana. Mbili imezitumia kwa kifungo maradufu na oksijeni. Ya tatu imeshika oksijeni nyingine, na oksijeni hiyo imebeba hidrojeni. Hicho ndicho kichwa, COOH. Nafasi ya nne imebaki kwa mkia, ndiyo ile R ya ubaoni. Mkia unaweza kuwa hidrojeni tupu, hapo unapata asidi methanoiki, ndiyo ya sisimizi. Ukiweka kaboni moja yenye hidrojeni tatu unapata asidi ethanoiki, CH3COOH, ndiyo siki. Endelea kuurefusha mkia mpaka jumla ya kaboni ifike 12, unapata asidi ya lauriki ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi. Ifikishe 14, ni asidi ya miristiki, iliyojaa kwenye mafuta ya kungumanga.

Sasa swali ambalo wanafunzi hawaliulizi: pombe nayo ina OH, mbona si asidi? Jawabu liko kwa ile oksijeni jirani. Hidrojeni ya kichwa iking'oka ndani ya maji, inaacha nyuma chaji hasi. Kwenye pombe chaji hiyo ingebaki juu ya oksijeni moja peke yake, na haikai kwa raha. Kwenye asidi inagawika sawa kwa oksijeni zote mbili, mfano wa mzigo uliofungwa kwenye mti ukabebwa na watu wawili. Si maneno ya kukisia haya, yamepimwa. Katika asidi yenyewe kifungo kimoja ni kifupi na kingine kirefu. Hidrojeni ikishaondoka, vifungo vyote viwili vinakuwa na urefu mmoja, karibu pikomita 127.

Hata hivyo hizi ni asidi dhaifu. Katika myeyusho wa asidi ethanoiki wa moli 0.1 kwa lita, molekuli zilizoachia hidrojeni yake hazifiki hata 2 katika kila 100. Zilizobaki zimekaa nzima. Lishikeni hili, maana ndiyo siri ya achari kutooza, na nitalirudia mtu akiuliza.

Ninachotaka kukisema kwenye uzi huu ni kimoja: kichwa ni kile kile, ila ukitaka kujua asidi fulani itafanya nini, tazama mkia wake una urefu gani, vichwa ni vingapi, na je, iko huru au imefungwa kuwa chumvi au esta (yaani asidi iliyoungana na alkoholi). Mengine yote yanafuata hapo. Leteni masuali.

---

KidatoSita_Mkoani

Maalim, shikamoo. Nina swali la mtihani. Asidi ethanoiki na propan-1-oli zote zina uzito wa molekuli 60, na zote zina OH. Lakini asidi inachemka nyuzi 118 na ile alkoholi nyuzi 97. Vipi?

---

Maalim_Konde

Marahaba mwanangu. Chora molekuli mbili za asidi zikitazamana, kichwa kwa kichwa. Utaona hidrojeni ya huyu inaangalia oksijeni ya kifungo maradufu ya yule, na ya yule inaangalia ya huyu. Vinafungika vifungo viwili vya hidrojeni kwa wakati mmoja, na molekuli zinakwenda jozi jozi. Alkoholi haina ile oksijeni ya pili, kwa hiyo haiwezi kufunga namna hiyo. Hata ukiiyeyusha asidi ethanoiki kwenye benzini na ukaupima uzito wake, unapata karibu 120 badala ya 60. Andika hilo kwenye mtihani, msahihishaji atajua umeelewa.

Na kwa kuwa umetaja nyuzi: asidi ethanoiki isiyo na maji huganda ikishuka chini ya nyuzi 16.6. Nchi za baridi inaganda kabatini. Kwetu hata kipupwe haigandi, mpaka uitie kwenye friji.

---

BiAchari

Maalim, mie kemia niliiwacha skuli zamani, lakini achari ndiyo kazi yangu. Embe, ndimu, pilipili, mabirimbi. Nina masuali matatu. Mosi, mabirimbi nikiyapika kwenye sufuria ya alumini, sufuria inatoka inang'aa ndani kama mpya na achari ina ladha ya chuma. Pili, mbona achari haiozi hata bila ya friji? Tatu, siki ya tembo la mnazi watu wengine wananikatalia wanasema ni pombe.

---

Maalim_Konde

Bi, masuali yako yana kemia kuliko ya wanafunzi wangu.

Mabirimbi yamejaa asidi ya oksaliki. Hii ni vichwa viwili vimegandana, HOOC–COOH, haina mkia kabisa. Vichwa vikikaribiana hivyo vinasukumana kuachia hidrojeni, ndiyo maana ina nguvu kuliko siki kwa mbali. Alumini ya sufuria inalindwa na utando mwembamba wa oksaidi. Asidi inaula ule utando, na alumini kidogo inaingia kwenye achari. Kung'aa kule ni sufuria inayoliwa. Tumia sufuria ya enameli, chuma kisichoshika kutu au chungu, na usiihifadhi kwenye alumini hata usiku mmoja.

Sifa hiyo hiyo ndiyo inayoyafanya mabirimbi yasafishe dele la kahawa na sinia za shaba. Oksalati inazikamata ioni za shaba na za chuma na kuziondosha pamoja nayo. Ukwaju unafanya kazi ile ile kwa asidi ya tartariki, ambayo nayo ina vichwa viwili, na ndimu kwa asidi ya sitriki yenye vichwa vitatu. Alama ya kutu kwenye kanzu nyeupe, mwaga ndimu na chumvi, anika juani, kisha fua.

Ila nitoe tahadhari hapa na naomba isipitwe. Oksalati ikikutana na kalsiamu inafanya chembe zisizoyeyuka. Majimbi mabichi yanawasha koo kwa sababu yana sindano ndogo ndogo za kalsiamu oksalati. Na ndani ya figo, mawe mengi ni kitu hicho hicho. Birimbi moja mbili kwenye mchuzi haina neno. Juisi nzito ya mabirimbi matupu, ile watu wanaambiana kuwa ni dawa ya sukari, imewahi kuwaharibia watu figo, na kisa cha namna hiyo kimeandikwa na madaktari wa India. Mwenye maradhi ya figo asiiguse.

Suala la pili, achari kutooza. Watu wanadhani ni ule ukali tu wa asidi. Si ukali peke yake. Nilisema asidi hizi nyingi hubaki nzima bila ya kuachia hidrojeni. Molekuli nzima haina chaji, kwa hiyo inapenya ukuta wa bakteria. Ikishaingia ndani, ambako hakuna uchachu, ndiyo inaachia hidrojeni yake, na bakteria anaharibikiwa kutokea ndani. Ndiyo maana siki inazuia kuoza kuliko asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa mpaka ikawa na pH, yaani kipimo cha uchachu, moja nayo. Benzoeti ya sodiamu inayotiwa kwenye juisi za chupa inafanya kazi hivyo hivyo, na ndiyo sababu haifai kitu kwenye chakula kisicho na uchachu. Kipimo cha kushika kwa achari ni pH isizidi 4.6. Chini ya hapo yule bakteria wa sumu ya botulizimu hakui. Embe mbivu sana ina uchachu mdogo, hiyo usiiachie chumvi na mafuta peke yake, itie siki au ndimu.

La tatu nitasema upande wangu tu. Tembo linakuwa na sukari, hamira ya hewani inaigeuza alkoholi. Ukiliacha wazi, anakuja bakteria mwengine anayehitaji hewa, anachukua alkoholi na oksijeni na kutoa asidi ethanoiki na maji. Kinachobaki kwenye siki nzuri ni asilimia 4 mpaka 8 ya asidi. Hukumu yake waulizeni masheikh.

---

AbuuNassir

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, likigeuka lenyewe siki bila ya kutiwa kitu, ni halali na limetahirika. Likitiwa kitu ili ligeuzwe, hapo ndipo wanapokataa. Kwa hiyo Bi, muulize aliyekuuzia amelifanyaje.

---

BiAchari

Ahsanteni nyote. Sufuria za alumini zimeshatoka jikoni kwenda kuchemshia maji.

---

Mchumaji_Wingwi

Haya maalim, umetaja sisimizi. Sisi wachumaji karafuu adui yetu ni majimoto, wale sisimizi wa mitini. Unapanda mkarafuu umeshika tawi, wanashuka jeshi zima shingoni. Hiyo ndiyo asidi unayoisema? Na karafuu yenyewe je, ule ukali wake si asidi? Mafuta yake yanaunguza ulimi.

---

Maalim_Konde

Ndiyo hiyo. Majimoto hana mwiba. Anang'ata kwa taya kisha anapindisha mgongo na kupulizia asidi methanoiki pale pale penye jeraha. Ni asidi ya kaboksili iliyo ndogo kuliko zote, na yenye nguvu kuliko siki, maana haina hata mkia wa kusukuma elektroni kuelekea kwenye kichwa. Dawa yake ya kwanza ni maji mengi na sabuni.

Lakini usimlaani sana. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu wa Kiingereza, M. J. Way, alimchunguza majimoto hapa Zanzibar, akaonesha kuwa minazi yenye majimoto inasalimika na mdudu anayefyonza nazi changa na kuziangusha. Mdudu huyo kapewa jina lake, Pseudotheraptus wayi. Kwa hiyo anayekung'ata kwenye mkarafuu ndiye mlinzi wa nazi ya jirani yako.

Asidi hii ina kazi nyengine. Mpira unapogemwa, utomvu ni chembe za mpira zinazoelea majini, zikiwa na chaji hasi juu yake, kwa hiyo zinakimbiana. Ukitia asidi methanoiki au ethanoiki kidogo, chaji inazimwa, chembe zinashikana, na unapata bonge. Maziwa kukatika kwa ndimu ni kisa hicho hicho, ila hapo ni protini.

Karafuu sasa. Hapana, ukali wa karafuu si asidi ya kaboksili, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka. Mafuta ya karafuu, hata yale yanayokamuliwa kutokana na makonyo kwa mvuke, sehemu kubwa ni yujenoli. Yujenoli ina OH iliyogandana na pete ya benzini, hiyo ni fenoli. Ni asidi kidogo sana. Inayeyuka kwenye soda kali (hidroksaidi ya sodiamu), lakini ukiitia bikaboneti ya sodiamu haitoi povu. Siki ukiitia bikaboneti inachemka pale pale kwa gesi ya kaboni dioksaidi. Kwenye mtihani wa vitendo, povu la bikaboneti ndilo linalozitenganisha. Kuna sehemu ndogo ya mafuta ya karafuu ambayo ni esta ya yujenoli na asidi ethanoiki, kwa hiyo ndugu wa siki yumo, ila kafungwa.

---

KidatoSita_Mkoani

Na vitamini C maalim? Inaitwa asidi askobiki.

---

Maalim_Konde

Asidi ni asidi, lakini haina COOH. Ni esta iliyojipinda ikawa pete, na uasidi wake unatoka kwenye OH nyengine. Ubuyu unayo vitamini hii, na pia una asidi ya sitriki, maliki na tartariki ambazo ni za kaboksili kweli. Ukila ubuyu unakula aina zote mbili.

---

Mchuuzi_Malindi

Sie wa diko la Malindi tunasema ndimu inakata shombo na inampika samaki. Kweli au uongo?

---

Maalim_Konde

La kwanza kweli, la pili nusu.

Shombo ya samaki wa baharini inatokana hasa na trimethailamini, ambayo ni besi, yaani kinyume cha asidi, na inaruka hewani kirahisi. Asidi ya sitriki ya ndimu inaifanya kuwa chumvi. Chumvi hairuki, kwa hiyo pua haipati kitu. Kisha unasuuza inaondoka na maji. Sabuni peke yake haitoi shombo mikononi vizuri kwa sababu sabuni ni besi. Anza na ndimu, malizia na sabuni.

Kumpika: nyama inageuka nyeupe na kukaza kwa sababu asidi inazikunjua protini, jambo ambalo moto nao unalifanya. Lakini minyoo na bakteria hawafi wote. Samaki wa ndimu bila ya moto awe mbichi wa siku ile ile, na mgonjwa au mja mzito asile.

---

Dawa_Dirishani

Niongeze langu. Nafanya kazi duka la dawa. Mtu ananirudishia kopo la asprini analalamika linanuka siki, anadhani nimemuuzia dawa bandia. Nieleze vizuri nimjibu nini?

---

Maalim_Konde

Mjibu kwamba pua yake haikudanganyika. Asprini ni asidi ya kaboksili kwa kichwa chake, na pembeni imebeba esta ya asidi ethanoiki. Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer aliitengeneza safi mwaka 1897. Unyevunyevu wa kwetu ukiingia koponi, maji yanaikata ile esta, inabaki asidi ya salisiliki upande mmoja na asidi ya siki upande mwengine. Harufu hiyo ni ushahidi kuwa dawa imevunjika. Asiinywe, itaunguza tumbo zaidi na haina nguvu ile. Weka makopo pakavu na ufunge vifuniko, masika hasa.

Ibuprofeni nayo ni asidi ya kaboksili, ila haina esta hiyo, kwa hiyo hainuki siki.

---

Dele_na_Kashata

Mimi nasoma tu huku nakunywa kahawa, lakini nina swali la kijinga. Samli ikikaa sana, beberu la jirani, na viatu vya kijana wangu akitoka mpirani. Kwa nini vyote vinanuka namna ya kufanana?

---

Maalim_Konde

Si la kijinga hata kidogo, umeshika kitovu cha mada. Vyote ni asidi za kaboksili zenye mkia mfupi mpaka wa kati. Samli iliyovunda ni asidi butanoiki, kaboni 4: ilikuwa imefungwa ndani ya mafuta kama esta, maji na vijidudu vikaifungua. Viatu ni ya kaboni 5 yenye tawi, inatengenezwa na bakteria wa ngozi. Beberu ana yake ya kaboni 10, nayo ina tawi. Mkia wa urefu huo ni mwepesi wa kuruka mpaka puani. Ukiurefusha zaidi, asidi inakuwa nta, haina harufu. Asidi ya steariki ya kwenye mshumaa huinusi.

Na ukitaka kuibadilisha harufu mbaya kuwa nzuri, ifunge na alkoholi iwe esta. Asidi butanoiki ile ile inayonuka samli mbovu, ikifungwa na ethanoli inanukia nanasi. Asidi ya siki ikifungwa na alkoholi ya kaboni 5 inanukia ndizi. Juisi nyingi za unga za madukani zina hizo, na ndizi haikupita hata karibu ya kiwanda.

---

Fundi_Chokaa

Maalim, nakuomba useme na hili kwa herufi kubwa. Nilikwenda kutengeneza ukuta wa nyumba ya wageni moja Mji Mkongwe. Wafanya usafi walikuwa wanafutia madoa ya sakafu na kuta kwa siki, eti ni dawa ya asili. Plasta inamomonyoka vidole vikipita.

---

Maalim_Konde

Fundi, una haki ya kukasirika. Mawe ya matumbawe, chokaa, marumaru na terazo yote kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Asidi yoyote, hata hii dhaifu, inaila na kutoa kaboni dioksaidi. Mwenye shaka aokote kipande cha jiwe la pwani, akimwagie siki, aangalie mapovu. "Ya asili" haimaanishi kuwa haina kazi.

Kazi hiyo hiyo ina pahala pake pazuri. Birika lenye ukoko mweupe wa maji ya kisima, lijaze siki na maji nusu kwa nusu, au ndimu, liache saa chache. Ukoko ule ni kalsiamu kaboneti, unayeyuka. Birika la alumini usiliache muda mrefu, sababu nimeshamwambia Bi.

---

Ukhti_Mwani

Umetaja maji ya kisima, ndipo penye donda langu. Tunatengeneza sabuni za mwani huku upande wa Paje, kwa mafuta ya nazi na soda. Wateja wengine wanasema haitoki povu, inaacha utando mweupe kwenye ndoo. Wengine wanasema inatoka povu hata baharini. Sabuni ni ile ile. Na je, kipimo cha soda ni kipi hasa? Kila mtu ana lake.

---

Maalim_Konde

Dada, hapa nitakaa kidogo.

Mafuta ya nazi ni esta. Asidi tatu zenye mikia mirefu zimefungwa kwenye gliserini moja. Soda, yaani hidroksaidi ya sodiamu, inazikata zile esta. Gliserini inatoka, na kila asidi inakamatana na sodiamu kuwa chumvi. Hiyo chumvi ndiyo sabuni. Kichwa chenye chaji kinapenda maji, mkia unapenda mafuta na uchafu, na molekuli moja inavivuta vyote viwili mpaka uchafu unaondoka na maji. Mwani wenyewe unaongeza ulaini na jina, lakini sabuni ni kazi ya nazi.

Kwa nini inatoa povu baharini? Chumvi nyingi ya maji ya bahari inaikatisha sabuni ya mkia mrefu, ya kaboni 16 na 18, isiyeyuke. Ya nazi ina mikia mifupi zaidi, 12 kwa wingi, na chini yake 8 na 10, hivyo inavumilia. Ndiyo maana mabaharia walipewa sabuni ya nazi tangu zamani.

Utando mweupe ni kesi nyengine. Upande wenu wa mashariki kisima kinachimbwa ndani ya mawe ya matumbawe, maji yanatoka na kalsiamu. Ioni moja ya kalsiamu inakamata vichwa viwili vya sabuni kwa pamoja, na kinachotoka hakiyeyuki. Huo ndio utando. Sabuni ya mwanzo yote inaliwa na kalsiamu, na povu linakuja pale tu kalsiamu inapokwisha. Mteja akitumia maji ya mvua atakusifu. Sabuni ya maji ya mtaani, ile inayotengenezwa kwa kemikali za salfoniki na slesi, haina tatizo hili, kwa sababu kichwa chake si COOH, ni cha salfa, na kalsiamu haikifanyi utando.

Kipimo: kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji karibu gramu 183 za hidroksaidi ya sodiamu ili yote igeuke. Usifikishe hapo, mafuta yanatofautiana na soda iliyobaki itaunguza ngozi. Punguza asilimia 5, uwe kwenye gramu 174 hivi. Mizani, si kijiko. Soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya soda itakurukia usoni. Sufuria ya alumini hapa ni mwiko kabisa, soda inaila na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Halafu acha miche ikauke wiki nne au zaidi.

---

Msomi_wa_Mtaa

Mimi napinga kidogo. Maalim anaongea kama kwamba asidi hizi hazina maajabu, lakini siki ya tufaha kila asubuhi inayeyusha mafuta ya tumbo. Wake zetu wameona matokeo.

---

Maalim_Konde

Shekhe, mafuta ni esta ya mikia mirefu. Umeona hapo juu yanahitaji soda kali na muda ili yakatike. Ingekuwa siki inayeyusha mafuta, achari ya embe yenye mafuta juu yake isingekaa na mafuta yale mwezi mzima. Mwilini siki inamezwa na kuchomwa kwa nguvu kama chakula chengine, wala haiendi kutafuta tumbo. Kinachoyeyuka kweli ni meno, kwa sababu jino nalo ni chumvi ya kalsiamu. Anayependa aitie kwenye saladi ya tungule na matango, asiinywe tupu.

---

Ukhti_Mwani

Ahsante maalim, Mungu akulipe. La mwisho. Wateja wanataka sabuni ya ndimu. Nikamue ndimu niitie kwenye sabuni ya maji niliyoipika kwa potashi?

---

Maalim_Konde

Usithubutu. Sabuni ni chumvi ya asidi dhaifu. Ukitia ndimu, asidi ya sitriki ina nguvu zaidi, inairudishia hidrojeni, na asidi ya lauriki inajitenga na kuelea juu mabonge mabonge meupe. Utakuwa umerudi nyuma hatua yote, na chupa nzima haitoi povu. Kwa mche nao ni hivyo hivyo, ndimu inaila soda yako na kuharibu kipimo.

Kinachonukia ndimu hakiko kwenye maji yake, kiko kwenye ganda. Kwangua maganda ya kijani, ile nyama nyeupe iache, yaloweke kwenye mafuta ya nazi ya uvuguvugu siku mbili tatu, chuja, ndipo uyapikie sabuni. Harufu kidogo itapotea kwa soda, kwa hiyo maganda yawe mengi. Na juisi iliyobaki mpe Bi Achari.